Likizo ya Juni na maombi ya chuo: tuisheni, kozi fupi, kozi za mtandaoni, programu ya Marekani au kubaki nyumbani?

Kila mwaka, wiki chache kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita, wazazi huniletea swali moja kwa maneno tofauti: mtoto afanye nini likizo hii ili maombi yake ya chuo yawe na nguvu? Nimefundisha sekondari Mbeya na Iringa, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa na wanafunzi kujaza fomu za vyuo vya ndani na vya nje, hivyo swali hilo nalifahamu kwa sura zake zote. Anayeuliza huwa amekwisha kusikia kwamba wanafunzi wa Marekani hutumia likizo yao kusoma kozi maalumu zinazowasaidia kuingia vyuo vikubwa, naye anaogopa mwanawe asiachwe nyuma.

Tuanze na kalenda, kwa maana ndiyo inayopotosha wengi. Wenzetu huziita kozi za kiangazi kwa sababu Juni hadi Agosti kwao ni joto na shule hufungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Kwetu Nyanda za Juu Kusini miezi hiyo ndiyo kipupwe chenyewe. Kule Kitulo alfajiri nyasi huwa nyeupe kwa barafu, na likizo ni ya takriban mwezi mmoja tu. Kitu kilichoshonwa kwa mwili wa miezi mitatu tunataka kukivaa kwa mwezi mmoja, na mwezi wenyewe ni ule ambao nyumbani viazi vinangoja kuchimbwa.

Kabla ya kulinganisha njia zenyewe, mzazi ajiulize maombi yanakwenda wapi, maana kuna milango miwili na kila mmoja una macho yake.

Mlango wa ndani una jicho moja, nalo ni alama. Tangu mwaka 2017 mwombaji wa shahada huomba moja kwa moja katika chuo anachokitaka, kwa vigezo vilivyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kiwango cha chini ni kufaulu masomo mawili makuu kuanzia alama E, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kisha kila programu huongeza masharti yake. Katika maombi hayo hakuna mahali pa kuandika kwamba ulihudhuria kozi ya likizo. Bodi ya Mikopo nayo hupima uhitaji wa familia, na Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, hutafuta waliofaulu zaidi katika tahasusi za sayansi. Kwa hiyo, anayeomba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) pale Mbeya, Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa hapati chochote kutokana na kozi ya likizo isipokuwa kozi hiyo imepandisha alama zake za mtihani wa taifa wa Mei.

Mlango wa Marekani una macho mengi. Faili la mwombaji husomwa na watu, nao hutazama ripoti za shule za miaka kadhaa, barua za walimu, insha, na orodha ya shughuli alizofanya nje ya darasa. Katika fomu ya pamoja inayotumiwa na mamia ya vyuo, Common App, nafasi za shughuli ni 10, maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150, na insha kuu haizidi maneno 650. Tarehe ya mwisho kwa wanaowahi kwa kawaida ni Novemba 1, na kwa wengine ni mwanzoni mwa Januari. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wetu huomba akiwa kidato cha sita, kabla hajafanya mtihani wa taifa, na likizo ya mwisho inayoweza kuingia katika faili lake ni ile ya kati ya kidato cha tano na cha sita. Aliyeamka baada ya hapo amechelewa kwa mwaka huo.

Vigezo nitakavyovitumia kwa kila njia ni hivi: gharama yake yote, ikiwemo nauli, bando na kazi ambayo mtoto hataifanya nyumbani, jinsi inavyokaa ndani ya mwezi mmoja, uzito wake katika mlango wa ndani, uzito wake katika mlango wa nje, na kile kinachobaki mkononi likizo ikiisha. Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

Tuisheni na kambi za masomo

Ada ya tuisheni mara nyingi hulipwa kwa somo na kwa mwezi, na familia nyingi za mjini huimudu. Gharama inayosahauliwa ni ya mtoto anayetoka mbali. Mwanafunzi wa Chunya au Makete anayekuja mjini kwa ajili ya tuisheni anahitaji mahali pa kulala, chakula na nauli ya daladala ya kila siku, na mara nyingi shangazi ndiye anayebeba mzigo huo bila mtu kumhesabia. Kwa upande wa muda, hii ndiyo njia inayoingia vizuri kuliko zote ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa ilibuniwa kwa ajili ya likizo yetu.

Katika mlango wa ndani uzito wake unaweza kuwa mkubwa sana. Chukua mwanafunzi ambaye mitihani ya shule inamwonyesha kwenye D ya Kemia na E ya Fizikia: ana pointi 3, na kwa pointi hizo hana sifa ya shahada. Akiivuta Fizikia hadi D anafika 4, na mlango umefunguka. Pointi moja tu ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili, na pointi moja ni kitu ambacho mwezi wa kazi ya dhati unaweza kukileta. Katika mlango wa nje tuisheni haiandikwi kwenye orodha ya shughuli, na ikiandikwa haimshangazi mtu. Faida yake hupita kwa mlango wa nyuma, kupitia ripoti ya muhula unaofuata na alama ambazo mwalimu anamtabiria mwanafunzi kwa mtihani wa mwisho. Vyuo vya Marekani husoma ripoti hizo, ambazo huku kwetu wengi huzichukulia kama karatasi za kumwonyesha baba na kuzihifadhi kabatini.

Kinachobaki mkononi ni ujuzi wa somo, na daftari. Hapa nina neno la kuongeza. Ukumbi wenye wanafunzi mia moja na mwalimu mmoja mwenye kipaza sauti husaidia wale waliokwisha kuelewa, ambao huenda kujithibitishia. Aliyekwama hukaa nyuma na kunakili. Mwanafunzi wangu yeyote anayetaka tuisheni humwambia mwalimu wake siku ya kwanza amekosea wapi, akiwa ameshika karatasi zake za mtihani zenye alama nyekundu, na mwalimu asiyetaka kuziona karatasi hizo si wa kulipwa.

Njia hii inamfaa mwanafunzi ambaye ana somo moja au mawili yaliyolegea na analenga vyuo vya ndani. Mwenye A na B tupu anaweza kuipita.

Kozi fupi za ujuzi

Hizi nitazipitia haraka, kwa sababu ni nzuri kwa maisha lakini hazina nguvu kubwa katika maombi. Kozi za kompyuta, Kiingereza, ushonaji, umeme wa majumbani au udereva hupatikana VETA na katika vyuo vidogo vya Mbeya, Iringa na Njombe, kwa ada zinazotofautiana mno kiasi kwamba ni lazima ufike mwenyewe uulize. Nyingi hudumu zaidi ya mwezi mmoja, kwa hiyo zinamkaa vizuri zaidi aliyemaliza kidato cha nne, anayesubiri kuanzia Novemba hadi shule zifunguliwe Julai kwa kidato cha tano, kuliko aliye katikati ya masomo.

Katika mlango wa ndani, cheti cha wiki chache si sifa ya udahili. Wazazi hukichanganya na stashahada, ambayo ni jambo jingine kabisa: stashahada ya ngazi ya 6 yenye wastani usiopungua 3.0 ni njia halali ya kuingia shahada, lakini inachukua miaka, wala haisomwi likizo. Katika mlango wa nje kozi hii inaweza kujaza nafasi moja ya orodha, na ina maana ikiwa mwanafunzi aliutumia ujuzi huo mahali fulani, kwa mfano kijana aliyejifunza umeme akafunga taa za kanisa la kijijini kwao. Mkononi hubaki cheti na mkono unaojua kazi. Inamfaa aliye kwenye kipindi kile kirefu cha kusubiri, na hasa yule ambaye hana uhakika kwamba matokeo yatampeleka kidato cha tano.

Kozi za mtandaoni

Vyuo vikubwa vimeweka masomo yao wazi kwa miaka mingi. MIT ilitangaza mwaka 2001 mradi wa OpenCourseWare, ambao hautozi chochote wala hauulizi wewe ni nani. Kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Harvard, CS50, inaweza kusomwa bure na mtu yeyote, na anayemaliza kazi zake zote hupata cheti cha kozi hiyo bila malipo. Khan Academy ina hisabati na sayansi kuanzia chini kabisa, pamoja na maandalizi rasmi ya SAT, mtihani unaotumiwa katika udahili wa vyuo vya Marekani. Kwa mtaala wetu wenyewe, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada.

Neno bure lisikudanganye. Video za saa nzima hula bando kwa kasi ambayo mzazi hakuitarajia, simu ya nyumbani ni moja na mama anaitumia kwa biashara yake, na kuandika programu ya kompyuta kwenye kioo cha simu ni kama kushona kwa glavu za baridi. Zaidi ya hayo, shule za bweni za serikali haziruhusu simu, hivyo kozi yenye majuma kumi au zaidi lazima ikatwe vipande: mwezi wa Juni, kisha Desemba. Wanaofanikiwa ni wale waliopakua maandishi badala ya video, wakaenda maktaba ya mkoa au kwa rafiki mwenye kompyuta kwa siku maalumu, na wakachagua kozi moja tu.

Mlango wa ndani hauoni kozi hii hata kidogo. Mlango wa nje unaiona, ila kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Cheti chenyewe kina uzito mdogo, kwa kuwa yeyote mwenye subira anaweza kukipata. Kinachosomwa ni kile ulichokifanya baada ya kujifunza. Aliyesoma takwimu kisha akapima mvua nyuma ya bweni kwa miezi sita na kuchora grafu ana jambo la kuandika. Aliyekusanya vyeti tisa vya utangulizi amejaza nafasi zake kwa jambo moja lililorudiwa mara tisa. Nimeona orodha ya namna hiyo, na mwenye nayo alishangaa nilipomwomba anieleze somo moja kati ya hayo akashindwa.

Kinachobaki mkononi kinategemea umaliziaji. Njia hii inamfaa mwanafunzi anayejisukuma mwenyewe bila kengele ya shule, mwenye kifaa cha uhakika walau saa mbili kwa siku, na mwenye udadisi uliomtangulia yeye kwenye kozi. Kwa anayelenga vyuo vya Marekani vinavyodai SAT, kama vile MIT iliyourudisha mtihani huo mwaka 2022, maandalizi ya bure ya mtandaoni ni matumizi bora ya Juni kuliko cheti chochote. Akumbuke tu kwamba vituo vya kufanyia mtihani huo haviko kila mkoa, kwa hiyo nauli ya safari aiweke kando mapema.

Programu za kiangazi za vyuo vya Marekani

Hapa ndipo penye fedha nyingi na machozi mengi, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Mwaka mmoja, asubuhi ya baridi, mzee mmoja kutoka upande wa Tukuyu aliingia ofisini kwangu akiwa bado amevaa koti la mvua. Alitoa bahasha ya plastiki, ndani yake cheti cha kidato cha nne cha mwanawe, picha nne ndogo, na barua iliyochapwa kwa rangi yenye nembo ya kupendeza.

"Mwalimu," akasema, "kijana amechaguliwa Marekani. Nimekuja unisomee masharti, maana nimekwisha kupata mnunuzi wa shamba la parachichi."

Nikaisoma barua mara mbili. Haikuwa ya chuo. Ilitoka kwa kampuni inayokodi madarasa na mabweni ya chuo wakati wanachuo wamekwenda likizo, ikawaita wanafunzi wa sekondari kwa wiki mbili, ikaita mwaliko huo uteuzi. Hakukuwa na uongo wa moja kwa moja ndani yake. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, ila kwa maandishi madogo ukurasa wa tatu. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapa mtoto hajapata chuo. Amealikwa kulipia wiki mbili." Alikaa kimya, akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaniuliza kama mnunuzi anaweza kukataliwa bila kuleta ugomvi. Shamba halikuuzwa.

Basi tuzitenganishe programu hizi, maana si za aina moja. Aina ya kwanza ni za kampuni kama hiyo. Aina ya pili huendeshwa na chuo chenyewe kwa kulipisha. Programu ya wiki mbili ya Harvard kwa wanafunzi wa sekondari hugharimu zaidi ya dola 5,000, na Yale Young Global Scholars zaidi ya dola 6,000, ingawa Yale hutoa punguzo kwa wenye uhitaji. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ya kwanza ni zaidi ya shilingi milioni 12.5 kabla ya tiketi ya ndege, ada ya viza, na safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa usaili wa ubalozini. Ada za shahada nyingi za miaka 3 katika vyuo vyetu vya umma hazifiki nusu ya fedha hizo. Aina ya tatu haidai ada na huchagua kwa ushindani mkali: Yale Young African Scholars, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika na kufanyika barani humu, na semina za kiangazi za Telluride, shirika la elimu la Marekani, ambazo hugharimia masomo, malazi na chakula. Angalia jinsi majina mawili ya Yale yanavyofanana: moja lina neno Global, jingine African, na tofauti ya maneno hayo ni mamilioni ya shilingi.

Kwa upande wa muda, nyingi za aina ya pili na ya tatu hufanyika kati ya Juni na Agosti, na tarehe zake zinaweza kugongana na kufunguliwa kwa shule Julai, hivyo ruhusa ya mkuu wa shule iombwe kabla ya kujaza fomu. Maombi nayo hufungwa miezi kadhaa kabla, mtoto akiwa bwenini bila simu. Mzazi au ndugu ndiye anayepaswa kufuatilia barua pepe.

Katika mlango wa ndani, uzito wake ni sifuri kwa aina zote tatu. Katika mlango wa nje hutofautiana. Wasomaji wa maombi wanajua vizuri ni programu zipi humchukua kila anayelipa, na programu hizo haziwaambii lolote kuhusu mwanafunzi isipokuwa uwezo wa mzazi wake. Vyuo vyenyewe husema kwamba kuhudhuria hakumhakikishii mtu nafasi. Kwa familia itakayoomba ufadhili kamili kuna kikwazo kingine: kulipa milioni kumi na tano mwezi Julai, kisha Novemba kuandika kwamba huna uwezo wa kuchangia ada, ni maelezo yanayohitaji ufafanuzi. Programu ya ushindani isiyo na ada ina uzito wa kweli, kwa sababu kuchaguliwa kwenyewe ni ushahidi. Yale Young African Scholars ina faida ya ziada, kwamba hufundisha namna ya kuomba vyuo na ufadhili.

Niseme kwa haki kwamba programu ya kulipia si utapeli kwa kuwa tu ni ya kulipia. Inayoendeshwa na chuo huwa na walimu wazuri, na mtoto anaweza kurudi akijua kwamba anapenda fizikia kuliko uhandisi, jambo ambalo lina thamani yake. Inaifaa familia ambayo fedha hizo hazitaumiza mtu na ambayo haitegemei ufadhili baadaye. Ya ushindani inamfaa mwanafunzi mwenye alama za juu na maandishi mazuri ya Kiingereza, ambaye yuko tayari kukataliwa bila kuvunjika moyo, maana wengi hukataliwa. Ya kampuni ya kukodi madarasa bado sijampata anayefaa kuipendekezewa, ila sikatai kwamba yupo.

Kubaki nyumbani na kuwa na kazi ya maana

Wazazi huiita njia hii kukaa tu. Haina ada, gharama yake ni kalamu, daftari, na nafasi ya tuisheni iliyoachwa. Muda wake ni wa hiari, na tofauti na njia nyingine inaweza kuendelea kidogo kidogo Desemba na Juni inayofuata. Mlango wa ndani hauioni, na mwanafunzi mwenye alama dhaifu asijifiche nyuma ya jembe kukwepa vitabu. Lakini mlango wa nje unaiona vizuri mno, hata fomu ya Common App ina aina maalumu ya shughuli kwa ajili ya majukumu ya familia.

Shida ni kwamba watoto wetu hawajui kuielezea. Binti mmoja wa kidato cha tano kutoka vijiji vya Rungwe aliandika katika rasimu yake: "Ninamsaidia mama kuuza maziwa." Nikamuuliza anasaidiaje. Akasema anaandika. Anaandika wapi? Akafungua begi, akatoa daftari la kurasa 96 lenye jalada lililolainika kwa mafuta ya taa, na ndani yake safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, lita, bei, anayedaiwa. Likizo iliyopita alikuwa amejumlisha safu ya mwisho akagundua kwamba karibu wadaiwa wote walikuwa wateja wa jioni, akamshawishi mama yake aache kukopesha saa hizo. Tukaandika upya, kwa Kiswahili kwanza: "Natunza daftari la maziwa ya ng'ombe 3: lita, bei, wadaiwa. Niligundua deni la jioni ndilo lililokula faida; tukaacha kukopesha jioni." Hizo ni herufi 134, nafasi zikihesabiwa, na hakuna kozi ya dola 5,000 ambayo ingempa sentensi kama hiyo.

Nyanda hizi zimejaa maswali ya aina hiyo: viazi vinavyooza Isyonje mvua ikizidi, mashamba ya chai Mufindi, parachichi za Njombe zinazokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya mabaka. Aliye karibu na Mbeya anaweza kupeleka swali lake kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, au kuzungumza na wataalamu wakati wa Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale. Mradi wa sayansi ukikomaa unaweza kupelekwa, kupitia mwalimu, kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2012.

Kinachobaki mkononi ni ushahidi wa aina ambayo cheti hakina: daftari lenye tarehe, na mtu mzima aliyeona kazi ikifanyika na anayeweza kuiandikia barua. Njia hii inamfaa mwanafunzi mwenye alama imara anayeomba vyuo vya Marekani bila fedha, na pia yule ambaye nyumbani anahitajika kweli.

Ukiwa katika hali hii

Mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu ana muda. Aitumie Juni kuimarisha hisabati na Kiingereza, kwa tuisheni au mtandaoni, na aanzishe jambo moja la nyumbani atakaloweza kulishika kwa miaka miwili. Aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo ya Januari ndiye mwenye nafasi kubwa ya kozi fupi ya ujuzi, akichanganya na masomo ya maandalizi ya tahasusi anayoitarajia.

Aliye kati ya kidato cha tano na cha sita na anataka vyuo vya ndani pekee, apime alama zake za mwisho wa mwaka: zikiwa chini ya masharti ya programu anayoitaka, tuisheni; zikiwa juu, apumzike na asome polepole. Aliye katika kipindi hichohicho na anataka Marekani kwa ufadhili, Juni yake ni ya SAT, ya rasimu ya insha, na ya kukamilisha kazi aliyokwisha kuianza. Aangalie pia vyuo anavyoviomba, maana Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawaangalii uwezo wa mwombaji wa kigeni wa kulipa wanapoamua kumchukua, ilhali katika vyuo vingine vingi kuomba fedha hupunguza nafasi.

Mzazi aliyeletewa barua ya mwaliko, kabla ya kuuza chochote, atafute katika barua hiyo mambo matatu: jina la anayelipwa (ni la chuo au la kampuni?), kama ada yote imetajwa, na kama waliochaguliwa walishindana kwa lolote. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo aulize ubalozini kwanza.

Aliyemaliza kidato cha sita hana likizo ya kuchagulia kozi. Kuanzia Juni anaweza kuwa kambini JKT, Mafinga, Itende au penginepo, kwa muda wa takriban miezi mitatu, matokeo yakatoka Julai na dirisha la udahili likafunguliwa yeye akiwa kwenye gwaride. Huyo, kabla ya kupanda gari, amwachie dada au kaka anayemwamini namba yake ya mtihani, nenosiri la barua pepe, nakala za vyeti, na karatasi yenye majina ya programu anazozitaka kwa mpangilio, akizipanga mara mbili: kwa matokeo anayoyatarajia, na kwa yale anayoyaogopa.